Kifafa, Mwezi na Mbwa Aitwaye Watasema

Wenzangu wa benchi la Alhamisi, nawaandikia ninyi. Wengine wakitaka kusoma wasome, lakini ninyi ndio mtakaonielewa nikisema kwamba jambo kubwa kuliko yote lililonipata maishani silikumbuki. Niliambiwa tu. Ilikuwa asubuhi, msimu wa kuchuma kahawa, hapa kwetu Mkumbi. Nilikuwa jikoni nimempakata mwanangu Otmari, mtoto wa miezi minane, na kwa mkono mwingine nakoroga uji. Kisha nikawa nimelala sakafuni, ulimi unauma, nguo zimelowa, na mama mkwe ananiita Kandida. Hilo ni jina langu la ubatizo, lakini tangu nijifungue hakuwa amelitumia hata mara moja. Alikuwa ananiita Mama Otmari. Kwa hiyo nilijua kuna jambo baya kabla sijaiona damu.

Damu ilikuwa ya Otmari. Alikuwa amegonga figa na kupasuka juu ya jicho la kushoto. Mkono wangu ulikuwa umeingia kwenye makaa na sikusikia chochote. Walichoniambia baadaye, na ambacho kiliwachanganya kuliko damu yenyewe, ni kwamba sikumwachia mtoto. Mume wangu Kosmas alikuta nimembana kifuani kwa nguvu, ikabidi anikunjue vidole kimoja kimoja huku mtoto analia. Mtu anayeanguka si huangusha alichoshika? Mimi nilianguka nacho.

Majirani walikuja hadi mlangoni, wakaishia hapo. Mnajua kwa nini. Mate ya mgonjwa, pumzi ya mgonjwa, mkojo wa mgonjwa, vyote vinaogopwa. Ni mlangoni hapo ndipo neno kifafa lilipotamkwa kwanza, na mtu ambaye hadi leo sijui ni nani, kwa sababu wote walikuwa wanaangalia chini.

Mimi ni mtoto wa ziwani, nimezaliwa Ngumbo, nikaolewa huku juu milimani. Ukoo wa mume wangu ulisema ugonjwa nimekuja nao kutoka ziwani, kwa maana huku hakuna mtu wao aliyewahi kuanguka. Mama yangu mzazi alipopata habari akapanda mlima na kusema kwamba huku juu kuna baridi inayoingia kichwani, kwa maana kwao hakuna mtu aliyewahi kuanguka. Wote walikuwa na hakika. Nilikaa katikati yao na mkono uliofungwa kitambaa, nikasikiliza pande zote mbili, na kila aliyesema nilimwona amesema kweli.

Tulianza kwa mganga. Sitasema mengi, kwa sababu alikuwa mzee mpole na chale alizonichanja zilipona vizuri. Alinikataza kambale na nyama ya nguruwe. Nilianguka tena mara tatu nikiwa sijala kambale wala nguruwe.

Baada ya mara ya tatu, wakubwa walikaa wakaamua Otmari aende Ngumbo akalelewe na mama yangu mpaka nipone. Hawakunificha. Waliniita nikakaa mkekani, wakaniambia. Kosmas alikuwa hapo na hakusema kitu, na kwa muda mrefu sikumsamehe. Leo nadhani naye alikuwa hajui la kusema. Nilimfunga mtoto mgongoni mwa mama yangu kwa kanga yangu mwenyewe, kidonda cha juu ya jicho kimeshakuwa kovu jekundu, nikasimama kuwaangalia wakiteremka hadi njia ilipowameza. Nilikuwa na maziwa kifuani kwa wiki mbili zaidi. Jina langu likabaki lile lile, Mama Otmari, na kila aliponiita mtu nilisikia kama ananiuliza yuko wapi.

Kilichobaki nyuma ni Mnyama.

Mwaka ule ndipo wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja vijijini. Tangu tuzaliwe tulipeleka kahawa chama cha ushirika. Sasa ghafla mizani ilikuwa mitatu kwenye njia panda moja, na kila mwenye mizani anawaita wakulima ndugu zangu. Kosmas alizunguka siku nzima kati ya mizani ile, akauza, akarudi kutoka Mbinga mjini na koti la mitumba, sufuria, na mdoli wa manyoya aliyemtoa chini kabisa ya rundo. Alikuwa ni mnyama, hilo tulikubaliana. Rangi ya majivu, masikio ya duara, pua ndefu iliyokatwa ghafla, mkia kama wa nguruwe. Kosmas alisema ni nguruwe wa Ulaya. Mama mkwe alisema ni fisi na hataki alale na mtoto. Mimi nilisema ni panya buku. Basi tukamwita Mnyama, na Otmari alimpenda, na siku ya safari kwa ile haraka na machozi akasahauliwa juu ya kitanda.

Aliyemchukua ni mbwa wetu, Watasema. Mama mkwe ndiye aliyempa jina hilo, mwaka niliposhuka kwenye gari na begi langu na majirani wakauliza kama wasichana wa mlimani wameisha. Kila jirani alipopita, mama mkwe alitoka nje kumwita mbwa wake kwa sauti. Alikuwa mwekundu, ameshakua, lakini masikio yake bado hayajaamua kama yasimame au yalale. Nilimkuta uani amembana Mnyama kwa meno na anamtikisa kama ndezi.

Nilimvamia. Nikavuta, akavuta. Nikapiga kelele, akafurahi. Mshono wa shingo ukaachia kidogo na sufi ikachungulia, nami nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti, mama mzima, kwa ajili ya mdoli. Kosmas alitoka ndani na kusimama pembeni yangu. Ujana wake aliwinda ndezi na wajomba zake, na mbwa anawajua.

"Usimvute," alisema. "Ukivuta anadhani mnacheza. Shika, halafu mkono wako ufe."

Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kuniambia jambo zima tangu mtoto aende. Akachukua usipa mmoja mkavu jikoni, vile vidagaa vya ziwani, akaniwekea kiganjani. Nilimshika Mnyama kwa mkono mmoja bila kuvuta wala kusukuma, na mkono mwingine nikausogeza ule usipa puani mwa mbwa. Alifikiri. Ungemwona kabisa anafikiri. Kisha akafungua mdomo, nami nikasema, "Achia," wakati ule ule, akala usipa wake. Kosmas akaniambia nimrudishie Mnyama. Nilikataa. Akasema kama simrudishii, mbwa atajifunza kwamba kuachia ni kunyang'anywa, na kesho hataachia. Nikamrudishia huku moyo unaniuma.

Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Moto nilikatazwa. Kisimani nilikatazwa. Kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni tunamopanda maharage, nilikatazwa kwa sababu nikianguka nitabiringika hadi bondeni. Niliachiwa uani, kigoda, na mbwa. Asubuhi na jioni nilimpa Mnyama nikasema, "Shika." Mwanzoni alishika kwa muda wa pumzi moja. Baada ya wiki chache niliweza kuhesabu hadi kumi, kisha ishirini, akiwa amekaa na Mnyama mdomoni, mate yanadondoka, macho yananiangalia, asitafune, asitikise, mpaka niseme. Hapo akamweka chini taratibu. Nilishona shingo ya Mnyama kwa uzi mweusi. Nilitaka Otmari akirudi amkute mzima.

Sasa nifike kwenye vidonge, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo nilipokosea na sitaki mkosee.

Baada ya mganga tulikwenda hospitali ya misheni. Tulitembea alfajiri hadi barabarani na kupanda lori la mahindi. Siku ya watu wa kifafa ni Alhamisi, na benchi letu liko mwisho wa kibaraza, mbali na wengine. Unapewa kadi ya boksi yenye namba, unakaa. Niliona watu wenye vidole vilivyoungana kwa moto, msichana asiye na nyusi, mwalimu mzima aliyefunga tai. Hakuna aliyeuliza mwenzake anaumwa nini. Hiyo ilikuwa nafuu ndogo, na siku ile niliihitaji. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliniuliza kama nina njaa, akanigawia nusu ya kiazi chake. Kiazi kile kilikuwa kimeguswa na mkono wake, nami nikakila, naye akaona kwamba nimekila.

Muuguzi wa Alhamisi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya, tukimwita Nesi Gaudensia. Alinipa vidonge vidogo vyeupe vya mwezi mzima, kimoja kila jioni. Aliniuliza pia kama kabla ya kuanguka huwa naona dalili yoyote. Nikamwambia huwa nasikia harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza, hata msimu wa kahawa ukiwa umepita. Akasema harufu hiyo ni hodi: ikija, niweke chini nilichoshika, nikae mwenyewe chini kabla sijakalishwa. Niliitikia. Lakini wenzangu, harufu ile ikija unapatwa na hofu, na mimi nikiogopa nashika. Nilianguka na ndoo, nikaanguka na jembe, nikaanguka na kapu la mahindi, vyote nimevibana.

Vidonge vilinifanya mzito. Nililala nimekaa. Ufizi uliniuma, maneno yalichelewa kuja, na mama mkwe akawa ananiangalia kwa huruma. Basi akanipa ushauri, na alinipa kwa upendo, nataka mlijue hilo. Kwetu inajulikana kwamba kifafa hupanda na mwezi. Unapoandama, nacho kinaamka. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mlima na ziwa walikubaliana; hata mama yangu, alipokuja kunisalimia, alisema hivyo hivyo. Kwa hiyo, alisema mama mkwe, kwa nini nimalize dawa kwenye siku ambazo ugonjwa umelala? Nani hupanda mbegu zote kiangazi? Niziweke, na mwezi ukiandama nimeze tatu au nne kwa pamoja, kifafa kikitoka kikutane na jeshi.

Nilimwona ana akili kuliko hospitali nzima. Nilitafuta kopo la majani ya chai, nikaanza kuweka akiba. Mwezi ulipoandama nilimeza vinne na kulala siku mbili. Nilipozinduka sikujua ni siku gani, na kulikuwa na maharage yaliyomenywa nusu mapajani pangu, nikashindwa kuelewa ni mimi niliyeyamenya au nani. Hatukuogopa. Tulisema dawa imefanya kazi.

Kisha nikaanza kuanguka siku zisizo na mwezi. Tulihesabu kwenye kalenda ya parokia tukachanganyikiwa. Mama mkwe akasema labda mwezi wa huku na wa ziwani unapishana, na mimi kwa kuwa ni wa ziwani nafuata wa kwetu. Msicheke. Tulijadili jambo hilo jioni nzima, watu wazima watatu. Na kila Alhamisi ya kuchukua dawa, Nesi Gaudensia aliponiuliza kama nameza kila siku, nilijibu kwamba nameza. Nilikuwa namwonea haya. Yeye akaandika, akaguna, akaniongezea. Kopo likajaa.

Kuna siku moja lazima niisimulie hata kama inanidhalilisha. Mama mkwe alikuwa na kijiko alichokizungushia kitambaa, akikitunza kwenye dirisha, ili nikianguka anitie katikati ya meno nisijing'ate. Siku hiyo nilianguka uani katikati ya somo la mbwa, na kijiko hakikuonekana. Kwa fadhaa yake alimnyang'anya mbwa Mnyama na kunitia mimi. Nilipozinduka nilikuwa na sufi ulimini na mkia wa nguruwe unanitoka pembeni ya mdomo. Mbele yangu alikuwa amekaa Watasema, wima, kimya, ananiangalia usoni. Sikujua niko wapi wala mimi ni nani. Nilichojua ni kwamba yule mbwa anasubiri niachie. Nikaachia. Akamchukua Mnyama wake, akaenda zake. Kosmas alicheka mpaka akashika ukuta, kisha nikamwona amegeuka na anafuta macho, na sikujua ni kicheko au ni kitu kingine. Nadhani hata yeye hakujua.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, mama mkwe alikuta nimeanguka asubuhi, na kabla sijazinduka nikaanguka tena, na tena. Haya yote ni ya kuambiwa. Walinibeba kwenye machela kwenye matope hadi barabarani, wanaume wanne, na wawili kati yao walikuwa wale waliosimama mlangoni siku ya kwanza. Walinishika. Kosmas aliwataja kwa majina, na mimi huwa nawasalimia kwa namna ya pekee bila kuwaambia kwa nini.

Nilikaa wodini wiki tatu. Nilipoanza kujitambua bega lilikuwa limeteguka na jino la mbele halipo. Sikukumbuka sura ya Otmari. Naandika hili kwa shida. Nilikumbuka kovu, nilikumbuka kanga, lakini uso ulikuwa umetoka, na nilipojaribu kuuona niliona uso wa Mnyama.

Kosmas ndiye aliyeleta kopo. Hakuniuliza. Alilikuta alipotafuta sukari ya kuniletea, akaelewa, akatembea nalo hadi hospitali na kumkabidhi Nesi Gaudensia mbele yangu. Yule mama alimwaga vidonge kwenye sinia. Vilisikika kama mtama. Nilisubiri anitukane, na ingekuwa nafuu. Badala yake akavuta kiti, akaniuliza nyumbani huwa nashinda nafanya nini. Nikamwambia siruhusiwi kitu. Namfundisha mbwa kushika mdoli na kuachia akiambiwa.

"Ameweza?"

"Ameweza. Anasubiri hata nikihesabu hadi hamsini."

"Unamfundisha lini?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

"Hata siku ambazo mwezi haupo?"

Nesi Gaudensia alivirudisha vidonge kwenye kopo kimoja kimoja, polepole, akiniacha nivione vyote. Kisha akatuambia mambo mawili zaidi. La kwanza, wasinitie tena kitu chochote mdomoni, si kijiko wala mdoli. Wanilaze ubavu na wasubiri. La pili alilisema akiwa ameshasimama: kwamba hospitali imeniona mara nyingi, lakini leo ndiyo siku ya kwanza naanza dawa.

Nilirudi nyumbani mvua za mwisho zikinyesha. Watasema alinikimbilia, nikaomba Mnyama aletwe. Alikuwa amepoteza sikio moja. Kwa wiki tatu hakuna aliyemwambia mbwa shika wala achia, naye alikuwa amerudia utoto wake. Nilipompa akatikisa na kutafuna kama siku ya kwanza. Sikulia. Nilimwangalia nikaona ni mimi yule. Nikachukua usipa, mkono ukafa, tukaanza upya, pumzi moja, pumzi mbili. Kidonge nilikimeza jioni baada ya somo, mbele ya mbwa, na yeye akameza usipa wake.

Niliongeza jambo moja. Kila niliposema "Achia", na mimi niliweka chini chochote nilichokuwa nimeshika, nikakaa. Kikombe, ufagio, rundo la kuni. Majirani waliona mwanamke anayempigia mbwa amri na kuitii mwenyewe, na bila shaka walisema. Jina la mbwa lilikuwa tayari. Mama mkwe alinitazama kwa wiki nzima, kisha siku moja nikasikia kutoka jikoni anajiambia achia, na sufuria inatua.

Walichimba ngoro bila mimi, tukapanda maharage, tukavuna. Nilianguka mara moja mwezi wa nne na mara moja mwezi wa sita. Kahawa ikaiva. Mwezi wa saba sikuanguka, wala wa nane. Uzito ulipungua, au niliuzoea, sijui. Nilimuuliza Nesi Gaudensia kama nimepona, akasema neno hilo yeye halitumii siku ya Alhamisi. Nilikasirika wakati ule. Sasa nimelizoea.

Kahawa ilipokwisha, Kosmas alishuka Ngumbo kumchukua mtoto.

Wenzangu, nilikuwa nimejiandalia kila kitu isipokuwa kilichotokea. Aliyeshuka mgongoni mwa Kosmas alikuwa kijana aliyekaribia miaka miwili, mweusi wa jua la ziwani, anayesema Kinyasa kitupu na kumlilia mama yangu kwa jina la mama. Kovu lilikuwa lake. Uso sikuujua. Nilinyoosha mikono, akajificha nyuma ya miguu ya baba yake. Nilishusha mikono, maana kuvuta nilishafundishwa matokeo yake.

Kisha akamwona Mnyama. Watasema alikuwa amelala kivulini naye mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia shika kabla hawajafika na kwa msisimko nikasahau kumwambia la pili. Sidhani kama Otmari alimkumbuka. Alimtaka tu. Alikwenda, akavuta sikio lililobaki, mbwa hakuachia. Akapiga kelele kwa Kinyasa, mbwa hakuachia. Baba yake akasema achia; mbwa akageuza macho kunitazama mimi. Otmari akafuata macho ya mbwa. Akanitazama kwa muda, kwa mashaka, kama mtu anayelinganisha mizani mitatu. Akaja. Akanishika kidole cha shahada, akanivuta hadi kwa mbwa.

Nikasema, "Achia." Mnyama akawekwa chini, na mwanangu akamchukua. Kidole changu hakukiachia mara moja.

Lakini shida yangu haikuwa mtoto peke yake. Mama mkwe aliniruhusu kumpakata Otmari, ila yeye akae karibu, na mkono wake ushike pindo la shati la mtoto kwa nyuma. Hakusema kwa nini. Nikimlisha, ameshika pindo. Nikimwogesha na hana shati, ameshika kifundo cha mguu. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu yeye ndiye aliyefuta damu siku ile, mimi nilikuwa sipo. Na sikuweza kuvumilia. Mambo hayo mawili nilikuwa nayo pamoja kila siku, na sikujua niyafanyeje.

Ilikuwa alasiri ya Jumapili, mvua ya kwanza bado haijaja. Nimekaa kigodani barazani, Otmari mapajani anamlisha Mnyama udongo. Mama mkwe alikuwa ameinuka kidogo kusonga ugali jikoni. Nikasikia maganda ya kahawa yaliyooza.

Vidole vyangu vilimbana. Naujua mbano huo. Nikasema kwa sauti neno lile, na sijui nilimwambia nani. Nilimweka Otmari chini kwenye mkeka, nikamsukuma mbali na ukingo wa baraza, nikamwita mama, nikashuka kigodani na kulala mwenyewe ubavu. Dari la baraza lina boriti tisa. Nilizihesabu hadi ya nne.

Nilipozinduka nilikuwa ubavu vile vile. Mdomoni hamna kitu. Chini ya kichwa changu palikuwa na kanga iliyokunjwa, na mama mkwe ameketi pembeni, mtoto kamweka mapajani pake. Otmari hakuwa analia. Nilimuuliza mama kama ameumia. Akasema alimkuta mkekani anacheza. Akasema tena, "Ulimweka chini mwenyewe." Alirudia mara mbili hivi, kama mtu aliyeambiwa jambo la nchi nyingine.

Nikainuka taratibu, nikaegemea ukuta. Bila kuombwa, mama mkwe alimwinua Otmari na kumweka mapajani pangu, mapaja yale yale yaliyokuwa bado yanatetemeka. Nikamzungushia mikono. Alinukia udongo na usipa. Na nyuma yake nikaona mkono wa mama, vidole vyenye mikunjo, vimeshika pindo la shati.

Huyu ni mkwe wangu. Sijawahi kumwamrisha hata kunisogezea chumvi. Lakini maneno yangu huchelewa baada ya kuanguka, na lililokuja lilikuwa moja tu.

"Mama," nilimwambia. "Achia."

Watasema, aliyekuwa mlangoni baada ya kumwokota Mnyama kwa mdomo, aliachia kwanza. Mama mkwe alimtazama mbwa, akanitazama mimi. Kisha naye akaachia, akaenda kuepua ugali uliokuwa umeungua.